Wi-Fi ya Lupango Imepona

Naviundu, Lubumbashi

Kwa dada yangu mkubwa, kwa shemeji yangu, kwa wauza samaki wote wa Pweto na kwa kila atakayependa kusikiliza: mimi, Baba Chola, mkuu wa lupango hili, ua na vyumba vyake vyote, mwenye mamlaka kamili juu ya kuku wachache na mke asiyenitii, natangaza rasmi kwamba Wi-Fi ya nyumba yetu imepona. Visanduku vyote vitatu vinawaka taa nyeupe mchana kutwa. Tangazo hili lisomwe popote penye watu wawili.

Basi, yaya Mumba, dada yangu, jambo yako. Uko namna gani? Mgongo je, ule uliokuwa unakuuma ukigeuza samaki juani? Na shemeji, bado anasema atatengeneza paa kesho? Sisi huku tunaamka. Tumbo langu linanitangulia kila mlango, magoti yanalia nikipanda ngazi, na kazini bado nachunga depo ya vipuri vya malori, mahali ambapo kila mtu anapata anachotafuta isipokuwa mimi ninayechunga. Mama anakusalimu. Habari zake ninazo, nitafika kwake. Usiruke mistari, nakujua.

Utashangaa kuona karatasi. Nimempa shoferi Ngoy, yule anayeleta samaki wenu huku na kurudi na unga na sabuni, nikamwambia aitie mkononi mwako. Isome nyuma ya nyumba, peke yako, siyo pale dukani penye kisahani cha setilaiti, ambako ukifungua sauti yangu wote waliokuja kuchaji simu wanaisikia pamoja nawe. Tena mdomo wangu umezoea kukuchekesha. Ukinisikia utadhani natania.

Ujumbe wako wa mwisho ulinifikia kazini. Niliusikiliza katikati ya magurudumu, mahali pasipopita mtu. Ulisema hivi: "Wee Kabwe, ile mashini yako, ginsi gani inakufaka tu saa Mama anataka kugeuza uso? Munamuficha Mama yangu? Kama alishakufa, sema. Sema tu, niweke majivu mu kichwa."

Hajafa, yaya. Naliandika hapa mapema ili yanayofuata uyasome na mikono iliyotulia.

Sasa nikupe hadithi ya Wi-Fi, kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nikikulisha kila ulipoomba kumwona.

Mama alifika huku kwa matibabu kabla ya mvua, umemsuka mwenyewe, umempaka mafuta, umemfunga kikwembe chake kizuri. Mwanzo alikuwa anakaa salon, kwenye kiti changu, na mtandao ulikuwa pale pale juu ya televisheni. Mliongea mpaka simu inapata joto. Alikuuliza nani anatumia sufuria yake kubwa, ukamdanganya kwamba hakuna. Kisha ngazi za mbele zikamshinda. Tukamhamishia chumba cha nyuma, mwisho wa lupango, karibu na choo. Kule Wi-Fi haikufika. Kati ya salon na kile chumba kuna jiko, kuna milango ya chuma, kuna nondo za madirisha, yaani chuma chote ambacho sisi watu wa Lubumbashi tunaweka kati yetu na wezi.

Nikaenda mjini kwa Papa Paluku, mtu wa Butembo anayeuza vyombo vya mtandao na kusali kabla ya kufungua boksi lolote. Akanipa visanduku vitatu vyeupe. Kimoja kinakaa salon, kinampigia kelele cha jikoni, cha jikoni kinampigia kelele cha Mama, na hivyo mtandao unatembea mpaka mwisho wa lupango. Akanionyesha taa: nyeupe ni uzima, nyekundu ni ugonjwa. Nikasema nimeelewa. Mimi husema hivyo upesi.

Unajua hapa kwetu kitu chenye thamani hakilali bila chuma. Jenereta ina kizimba chake, pampu ya maji ina chake. Nami nikaita fundi wa kuunga vyuma, akanitengenezea vizimba vitatu vidogo vya nondo na mabati, vyenye kufuli, vikapakwa rangi ya kijani. Nikafungia kila kisanduku ndani ya chake, nikaning'iniza funguo kwenye mkanda, nikatembea humu uani kama mkuu wa gereza. Mama Chola, mke wangu, akashona vitambaa vya kuvifunika, kwa uzuri tu. Taa zote zikawa nyekundu.

Papa Paluku alikuja, akasimama mbele ya kizimba cha jikoni, akakitazama kwa muda.

"Baba Chola," akasema, "huyu alifanya kosa gani?"

"Wezi, Papa Paluku."

"Mwizi hatampata, ni kweli. Lakini na mwenzake hatamsikia. Chuma kinameza sauti yake."

"Sasa nifanye nini?"

"Umfungue. Umuombe na msamaha."

Kutoka kwenye masufuria Mama Chola akadakia: "Papa Paluku, muulize na ile makufuli tatu, atafungia nani sasa? Mimi?"

Basi vizimba nikavitoa. Kimoja sasa kina vifaranga, na hao hawajalalamika. Lakini kisanduku cha Mama kiliendelea kuumwa. Nikakipandisha juu ya kabati, nikakishusha, nikakigeuza uso, nikakizima na kukiwasha kama Paluku alivyonifundisha. Nikajifunza kwamba simu ya Mama ilikuwa inang'ang'ania kisanduku cha salon, cha mbali, hata ikiwa imelala karibu na chake, mpaka uizime kwanza ndipo itambue jirani yake. Mwishowe niliona manjanja mapya, yale mabati niliyonunua kwa ajili ya paa la nyuma, yameegemezwa kwenye ukuta wa jiko, kati ya kisanduku na kisanduku. Mimi mwenyewe ndiye niliyeyaweka pale. Nikayabeba kuyapeleka upande wa lango, nikajikata kidole, nikalowa jasho, Mama akinitazama kwa dirisha. Nilipomaliza, taa ya chumbani kwake ilikuwa nyeupe.

Siku ile mliongea vizuri, utakumbuka. Alikuonyesha dari, kisha ukuta, kisha mguu wangu, ukacheka ukasema Mama hajui kushika simu. Alijua sana, yaya.

Kisha ukaanza ule mchezo unaoujua. Sauti inakwenda safi, mnaongea, na mara tu unaposema "Mama, geuza nikuone," kimya. Nililaumu umeme. Humu nyumbani tuna sheria: umeme ukikatika, aliye karibu anachomoa kila kitu ukutani, maana ukirudi unarudi kwa hasira, na frigo letu la kwanza lilikufa hivyo. Mama tulimfundisha sheria hiyo wiki aliyofika. Nikafikiri anachomoa kisanduku umeme ukienda, kisha anasahau kuchomeka ukirudi. Nikamwambia, "Mama, hiki ukiache." Akaitika, "Eyo, mutoto yangu."

Nikarudi kwa Paluku. Alitazama simu yangu, akaitelezesha kwa kidole, kisha akanirudishia.

"Kisanduku cha mwisho hakiugui," akasema. "Kinazimwa."

Nikacheka. "Nani akizime? Kule nyuma kuna Mama tu."

Yeye akarudi kwenye maboksi yake.

Hapa ndipo ninapoacha uchekeshaji, yaya.

Kesho yake nilitoka kazini mapema, nikafika mlango wa chumba cha nyuma wakati umepiga simu. Mlango ulikuwa wazi nusu. Nilimsikia anakuambia amekula bukari na samaki, amemaliza sahani. Alikuwa amekula vijiko vya uji, tena kwa kubembelezwa. Wewe ukasema, "Mama, geuza sasa, nione macho yako." Akasema, "Ngoja, mutoto yangu, ngoja kidogo." Akanyoosha mkono kwenye ukuta. Mkono ule, yaya, sikuuangalia vizuri mpaka siku ile. Akachomoa waya polepole, bila haraka, kama mtu anayemtoa mtoto kitu mdomoni. Kisha akabaki ameshika simu iliyonyamaza, ameiweka kifuani.

Akaniona.

"Kuran ya umeme ilienda," akasema. "Njo nilichomoa, sawa vile munafanyaka."

Taa ya dari ilikuwa inawaka juu ya kichwa chake. Tuliitazama wote wawili.

"Mama, tangu lini?"

"Tangu ile siku ulibebaka manjanja. Nilikusikilia huruma, ulijikata kidole bule."

"Mumba anafikiri ninakuficha."

"Afikiri. Akikasirika, atabakia kwake. Akiniona, atakuya, na hii mvua, na ile njia ya malori." Akashika nywele zake. "Yeye njo alinisukaka. Aliniambia, Mama, uko muzuri, utarudia muzuri. Nataka abakie na ile. Utamwambia ni mashini."

Nikasema ndiyo. Mimi husema hivyo upesi, nimekwisha kukuambia. Na tangu siku ile nimekuambia ni mashini. Nikakuambia mvua, nikakuambia setilaiti yenu, mara moja nikakuambia panya ametafuna waya. Hakukuwa na panya.

Hali yake ni hii. Waganga wa hospitali walituambia tumrudishe nyumbani, wakatupa dawa ya kutuliza maumivu. Juu ya kupona hawakusema neno, nami nilipouliza, mmoja akanishika bega. Tumbo limejaa maji, na sehemu nyingine zote za mwili zimekwisha. Kile kikwembe ulichomfunga kinamzunguka na kubaki kingi. Analala zaidi ya anavyoamka. Saa nyingine ananiita jina la baba, nami naitika, kwa sababu anataka tu mtu aitike. Nywele hakuna anayeruhusiwa kuzigusa. Mama Chola alikaa nyuma yake na kitana ili amfumue, maana zimelegea, zimeshikana, zinamwasha, anajikuna kwa kijiti cha ufagio. Mama akauondoa mkono wake. "Wacha. Iko ya Mumba."

Kwa hiyo tangazo langu la juu ni la kweli. Wi-Fi imepona, na imepona tangu siku ya manjanja. Mgonjwa ni Mama, na huyo hatapona.

Ngoy atapakia samaki na kugeuza. Nimemwomba akuwekee nafasi mbele, karibu naye, siyo juu ya magunia. Anajua sababu, ni mtu wa kunyamaza. Njia ni mbaya kama Mama alivyosema, sitakudanganya tena, na pale malori yanapozama mtalala. Njoo hata hivyo. Usinijibu kwanza. Usipige simu kusema uko njiani, kwa kuwa ataijua sauti yako, ataniita, atanituma nikuambie urudi, nami umeona jinsi ninavyomkatalia. Nimevunja neno nililompa. Atanikasirikia, na hasira yake nitaibeba mimi. Afadhali anikasirikie wewe ukiwa umekaa karibu naye.

Nisalimie shemeji, mume wako. Mwambie safari hii paa lingoje kweli, abaki na watoto. Nisalimie shangazi Ngosa, dada wa baba yetu, mwambie asali bila kutangaza. Nisalimie Kapya, kitinda mimba wako, mwambie bibi anamtaja jina lake bila kukosea, hata siku anazokosea langu. Mama Chola anakusalimu, amekwisha kutandika kitanda cha pili katika chumba cha nyuma, nilipomuuliza cha nani akaniambia nisiulize vitu ninavyovijua. Chola, binti yangu, anakusalimu pia. Yeye ndiye anayemgeuza Mama asubuhi, kwa mikono mizuri kuliko yangu.

Ukifika, pitia lango dogo, ukatize jikoni, usibishe hodi. Atageuza uso ukutani. Mwache ageuze, wewe kaa nyuma yake tu.

Leta kitana chako na mafuta yako. Hapa vipo, lakini anasema vya hapa vinanuka duka.

Mdogo wako, anayekungoja langoni,
Kabwe, Baba Chola