Ibara ya Saba na Mama Yetu

Tunduma, 7 Juni 1998

Mdogo wangu Boazi,

Huku mahindi tumevuna. Mama bado amepooza upande wa kulia, na kibanda changu cha mpakani nimekifunga ili nipate kumlisha na kumgeuza.

Kile kitabu cha Katiba ulichonitumia badala ya kuja, nimekisoma. Ibara ya kumi na moja inataja haki ya mtu kusaidiwa wakati wa uzee na maradhi. Nikaenda nacho mahakamani. Karani akatabasamu, akarudisha kurasa nyuma.

“Mama, ya saba umeiruka. Inasema mahakama haiwezi kuilazimisha Serikali kwa haya.”

“Sasa mliyaandika ya nini?”

“Ni mwelekeo, mama. Nchi inaelekea huko.”

“Ikifika, mniite.”

Njiani nikakukumbuka wewe. Tulipomaliza matanga ya baba, ulisimama mbele ya ukoo ukasema kumtunza mama ni jukumu letu sote. Wazee wakakupigia makofi. Hakuna aliyeuliza nani ataanza, wala lini. Mwaka wa tatu huu nabeba peke yangu.

Nimechoka, Boazi. Serikali siwezi kuishitaki, lakini kwako napajua. Ijumaa ya wiki ijayo mama na mimi tunapanda treni ya TAZARA. Uje stesheni na mtu wa kukusaidia kumbeba, na wifi aandae kitanda cha chini.

Huu si mwelekeo. Tiketi za kuja nimekata mbili, ya kurudi moja.

Dada yako aliyebaki nyumbani,
Enesi