Kabula na Salamu Zake za Kuchuchumaa

Dar es Salaam,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama Limi, mke wangu,

Niwie radhi. Wiki tano bila barua ni kosa, nami silitafutii kisingizio. Kwenye simu nilikuambia tu kwamba tunaendelea na vipimo, kwa sababu habari nusunusu sipendi kuzitoa. U hali gani? Goti lako linaendeleaje? Binti yetu Limi ameshapata nguvu baada ya kujifungua? Pamba imeshapaliliwa? Sisi huku tu wazima, na mjukuu wako Kabula anakula kunishinda.

Sasa tatizo limejulikana. Unakumbuka daktari wa Bariadi alimsikiliza kifua akasema moyo una mvumo usio wa kawaida, akambana kidole kwa kile kifaa cha kupima hewa kwenye damu, kisha akatuandikia rufaa. Huku wamempiga picha ya kifua na kumbandika nyaya za kuandika mapigo ya moyo. Hatimaye tukaingia kwa daktari wa moyo wa watoto, binti mdogo kuliko Limi. Nilitaka kumwuliza amemaliza shule lini; nikajizuia.

Kabula alitoka mlangoni, akafika mbele yake, akachuchumaa. "Mwangaluka," akamwamkia kwa Kisukuma. Nikajaa fahari.

"Huchuchumaa hivi mara kwa mara?" daktari akaniuliza.

"Daktari, huyu amelelewa. Kwetu Shishiyu binti hamwamkii mkubwa akiwa amesimama wima."

Akatabasamu, akamgeukia mtoto. "Na kama hakuna mkubwa?"

"Nachuchumaa. Hata nikifukuza mbuzi."

"Kumbe mbuzi nao unawaamkia?"

"Wee! Mbuzi hawaitikii. Natafuta pumzi."

Mama Limi, miaka miwili tumemsifu mtoto huyu kanisani na kisimani, na wajukuu wengine nimewaaibisha kwa mfano wake. Daktari hakunilaumu. Alieleza kwamba mtoto akichuchumaa, mishipa ya miguu hubanwa na damu nyingi zaidi huelekea mapafuni; watoto wenye moyo wa namna hii huligundua jambo hilo wenyewe. Na ile midomo ya kibuluu tuliyoikemea, tukidhani amekula zambarau za jirani, rangi yake ilitokana na damu yenye upungufu wa hewa. Nimemwomba Kabula msamaha. Amekubali, kwa sharti la soda.

Kisha akapakwa mafuta mazito ya baridi kifuani, daktari akapitisha kifaa juu yake, na moyo ukaonekana kwenye kioo.

"Babu, unaruka kama chura!"

Daktari akanionyesha tundu katika ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya chini vya moyo, na njia nyembamba ya damu iendayo mapafuni. Amezaliwa hivyo. Mwambie Limi kwamba tatizo hili la mwanawe halikusababishwa na chakula alichokula, wala jembe aliloshika akiwa mjamzito, wala jicho la mtu. Nimeuliza mara tatu.

Jumanne watapitisha mrija mwembamba katika mshipa wa paja hadi moyoni, waione mishipa ya mapafu vizuri zaidi. Nimetia saini. Alhamisi jopo la madaktari litaamua: ikiwa mishipa imekua vya kutosha, watarekebisha yote kwa operesheni moja; ikiwa bado, watamtengenezea kwanza njia ndogo ya damu, kisha tusubiri akue. Nina hofu, sikufichi, lakini daktari anasema njia zote mbili zina matumaini.

"Nikipona nitamshinda Masanja mbio?" Kabula alimwuliza.

"Huyo Masanja aanze mazoezi leo," akajibiwa. Mfikishie mjukuu wetu huyo onyo lake.

Nisalimie mdogo wangu Ng'wandu, anayetutunzia ng'ombe, na dada yangu mkubwa aliyeko Mkula. Waambie waombe, wasilie. Uamuzi ukitoka nitakuandikia kabla sijavua viatu, na nitauweka katika mstari wa kwanza kabisa. Salamu, kwa mara hiyo moja, zitasubiri.

Mumeo,
Baba Limi