Aliyenishikia Mahali Pangu Mtoni

Gazi, Jumapili, Novemba 1956

Asubuhi yamenyesha manyunyu, sasa jua limetoka na leso zote za Mwanasha ziko kwenye kamba. Nimeketi barazani. Mikono imegoma, hata kalamu naiona nzito. Chai nimenyweshwa na Mwanasha, mke wangu, kama mtoto, naye anacheka, nami nimemwacha acheke.

Alhamdulillahi. Nimeumaliza mto.

Nataka niandike upesi kabla sijaanza kutia chumvi, maana najijua. Leo tayari nimeshamwambia jirani kwamba nilimwona mamba. Sikumwona mamba. Niliona gogo, nikapiga ukelele, na Kassim akapiga debe mpaka ndege wote wa Ramisi wakaruka.

Kassim ni shemeji yangu, kakake Mwanasha, na yote haya yalianzia kwake. Vijiji vya bara na vya pwani vilipokubaliana kushindana kuogelea mto Ramisi, siku tatu kutoka juu kule hadi unapoingia baharini Bodo, alinitangazia mbele za watu kwamba mkata boriti wa umri wangu anafaa kuogelea ndani ya karai. Nikasema mimi simo. Wiki ile ile mwanangu Mwanaidi akashikwa na homa. Tukamkimbiza hospitali ya Msambweni, na siku ya pili akawa hatutambui, mimi wala mama yake. Hapo mdomo wangu ukatangulia kichwa: Ya Rabi, mwinue mtoto huyu, nami nitauogelea mto ule wote, sitaruka hata pima moja.

Kwa nini mto? Sijui. Ningeweza kusema mbuzi.

Mwanaidi akainuka. Nikaenda kwa maalimu wetu kumweleza, akacheka hadi kofia ikamwanguka. Akaniambia nadhiri huwa ya ibada, na kuogelea si ibada. Nifunge, nilishe maskini, yatosha. Nikafunga, nikalisha. Lakini kila nikimwona mtoto anakimbia uani, yale maneno yananirudia. Nilikuwa nimeyatamka mwenyewe, na aliyeombwa alikuwa ameshatoa.

Basi Alhamisi nikaingia majini, nimejipaka mafuta ya nazi, nang'aa kama sufuria mpya.

Sheria zilikuwa chache. Ukigusa mtumbwi, umetoka. Ukitaka kupumzika, unapanda ukingoni na kuchomeka kijiti chako matopeni pale ulipotokea, kisha unaanza tena hapo hapo. Changu nilikifunga kitambaa chekundu kilichochanwa kwenye leso ya Mwanasha. Wenzangu vijiti walikuwa wakivitupatupa tu, hatua kumi mbele, hatua kumi nyuma, nani atajali. Mimi nilijali. Kwangu kijiti kile ndicho kilikuwa nadhiri yenyewe.

Siku ya kwanza ndipo nilipomjua Nyamawi. Ni Mduruma, mchungaji, rika langu. Kuogelea amejifunzia nyuma ya ng'ombe, akiwavusha mto ukijaa, na anaogelea vile vile wanavyoogelea wao, kichwa juu, anapuliza pua. Hakuwa na mtumbwi wa kumfuata, kwa hiyo Kassim, aliyekuwa akinifuata mimi na wake, akatulisha sote wawili uji kwa kata aliyoifunga kwenye ufito mrefu, huku akitutukana kwa zamu. Jioni, tukiota moto, Nyamawi akaniuliza mtu anayegumia hivi kwa maumivu anaendelea kwa nini. Nikamweleza habari ya Mwanaidi na ya nadhiri. Aliniuliza tu pima yangu ni kiasi gani, nikainyosha mikono, akaitazama.

Ijumaa adhuhuri tulitoka majini kwenda kuswali katika kijiji kilicho karibu. Nyamawi hasali, akaambiwa akitaka aendelee, ni haki yake. Akajibu kwamba atalala kidogo chini ya kivuli. Tulipokuwa msikitini, maji ya mvua ya bara yakateremka. Tuliporudi, mto ulikuwa mwingine, mwekundu, umepanda ukingo. Hakuna kijiti hata kimoja. Hata matope tuliyokanyaga hayakuonekana.

Wenzangu wakaingia popote, wakaenda zao. Mimi nilisimama pale nguo mkononi. Ningeanza juu zaidi ya pale nilipotoka, sawa, lakini juu ni wapi? Kila kichaka kilifanana na mwenzake. Niliwaza, Mola wangu, umenirudishia mtoto mzima, nami nakuletea mto wenye kiraka.

Ndipo Kassim akanishika bega, akanyosha kidole.

Nyamawi alikuwa ndani ya maji hadi kifuani, amekumbatia tawi, anatetemeka meno yakigongana. Kitambaa changu chekundu kilikuwa mkononi mwake, amekifunga.

"Babake Mwanaidi," akasema, "ni hapa. Maji yaliking'oa, nikasimama mimi. Wewe ulisema hata pima moja."

Kijiti chake mwenyewe kilikuwa kimekwenda na maji. Hakukitafuta.

Kassim, ambaye hanyamazi hata akila, hakutukana mtu siku ile hadi magharibi. Mimi nililia, na namshukuru Mungu kwamba mtu akiwa majini machozi hayaonekani.

Jana tukafika kwenye mikoko. Maji yakaanza kuwa na chumvi mdomoni na moyo ukanifunguka, maana huko ni kwetu. Mara bahari ikaanza kujaa, ikawa inausukuma mto urudi juu. Nikainamisha kichwa, nikapambana. Nilipoinuka kutazama nyuma, Nyamawi hayupo. Kassim akasimama mtumbwini, akatazama, akashika kichwa. "Shemeji, mwenzako anarudi kwao!"

Kweli. Kichwa kile, juu kama cha ndama, kilikuwa kinaelekea bara kwa kasi ya ajabu. Maskini, hajapata kuona bahari. Tangu azaliwe anajua ukifuata maji utafika chini.

Kassim akasema atakwenda yeye na mtumbwi, mimi nisipoteze nguvu. Na nguvu sikuwa nazo. Nilijua nikirudi huenda nisiweze kuja tena, na Bodo ilikuwa karibu, nasikia hata ngoma zao. Nilitazama mbele mara moja tu, kisha nikageuka.

Nilimkuta amefurahi. "Mto umenihurumia!" akaniambia. "Sasa unanibeba wenyewe!" Nilicheka nikameza maji, nikamweleza bahari inavyojaa na kupwa, naye akanitazama kama namtania. Tukashika mizizi ya mikoko, bega kwa bega, tukasubiri. Alasiri maji yalipogeuka, akayaangalia yanavyorudi baharini, akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe," na tukaachia mizizi pamoja.

Bodo tulifika wa mwisho. Vijana wa Shimoni walikuwa wameshashinda, wameshakula, ngoma zimekwisha. Mwanasha alikuwepo ufuoni na Mwanaidi mgongoni. Mtoto akateremka mwenyewe, akaja mbio kwa miguu yake.

Leo alfajiri Nyamawi amekwenda kwao. Kitambaa sikukidai, naye hakukirudisha.

Nadhiri nimeitimiza, pima kwa pima, na nani aliyeniwezesha ninamjua. Lakini zile pima za kurudi nyuma jana hazikuwamo katika nadhiri, wala hakuna aliyeniagiza. Nimezipiga hesabu humu moyoni, na nikiambiwa nichague sehemu moja ya mto ule niiogelee tena, ni hiyo.

Kesho narudi kukata boriti, mikono ikikubali. Isipokubali, nitakaa hapa hapa nimtazame Mwanaidi akiruka kamba.