Mti wa Leif Msiuguse

Baba na Mama,

Leo asubuhi nilikuwa natundika ndoana na vile visamaki vya plastiki kwenye mti wa Krismasi wa kaka Leif, ule wa mapambo ya uvuvi. Baba ukapita na kahawa yako: "Huyo si alisema hakanyagi tena hapa? Mti wake urudi darini!" Mama ukacheka, "Afadhali, bili ya umeme ya hizi taa itapungua." Najua, Mama, ulikuwa unatania. Mimi nikaenda kulia chooni, pale kwenye mti wenye mapambo ya bata.

Mchana Baba ukaupandisha darini, lakini usiku huu nimeushusha tena. Uko karibu na ngazi. Msiuguse, tafadhali.

Natoka alfajiri na basi la kwaya. Mti wa jikoni uwekeeni maji, ni huo tu wa kweli.

~~Baba, mpigie wewe, si wewe uliyemfukuza?~~ Baba, supu yako iko kwenye friji.

Nyota sijaiweka. Kwetu kila mtu huweka nyota ya mti wake mwenyewe, na yeye yuko mbali, mjini Fargo. Nimemwandikia ujumbe: "Kaka, mti wako umebaki nyota tu. Njoo."

Ameusoma. Hajajibu.

Kitinda mimba wenu