Ulimpa Figo au Ulimwazima?

Dada uliyeandika barua hii, shusha kidole. Nakiona kutoka hapa nilipokaa, kimesimama tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho, kinamwelekea mdogo wako, kinamwelekea mchumba wake, hata mafundi wenzake hawakupona. Kwako hakikugeuka hata mara moja. Nimesema barua yako ichapwe yote, lisipunguzwe neno, ili watu waone mtu mwema anavyoweza kuuharibu wema wake kwa mdomo wake mwenyewe. Wasomaji, isomeni kwanza. Mimi nakuja nyuma.

*

Bibi mshauri, shikamoo. Nimekwama, naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana hili jambo nimelibeba kifuani mpaka pumzi zinakata. Mimi ni dobi, nina duka langu dogo la kufua na kupiga pasi, na nina mdogo wangu wa kiume, tumbo moja, fundi wa mafriji, ambaye mafigo yake yote mawili yalikufa, akawa anasafishwa damu kwa mashine, anarudi midomo imekauka, hawezi kushika hata bisibisi, na daktari akasema dawa ni kupata figo la ndugu, tukaitwa wote kupimwa, mama akakutwa na presha, kaka yetu mkubwa akasema ana safari, na safari yenyewe Bibi mpaka leo hajaenda, nikabaki mimi, nikapimwa, ikaonekana damu zetu zinaelewana, nikasema chukueni.

Daktari aliniita peke yangu akafunga mlango, akaniuliza kama kuna mtu ananilazimisha, nikasema hapana, akaniuliza kama kuna kitu nategemea kupata kwa ndugu yangu baadaye, nikasema sitegemei kitu, natoa tu. Tukapasuliwa, figo likashika, na siku mdogo wangu alipoanza kukojoa mwenyewe wodi nzima ilijua, maana mama alishangilia mpaka muuguzi akamtoa nje.

Sasa Bibi, mtu ukimpa kiungo cha mwili wako unategemea atakitunza, si ndiyo, basi mimi nikaamua kusimamia mwenyewe. Zile dawa zake za kila siku, zinazozuia mwili usilikatae figo, nikaziweka kwangu dukani kwenye kabati la nguo za harusi za wateja kwa sababu lina ufunguo, na yeye kila Jumamosi anakuja kuchukua za wiki, nampimia, na kama kuna neno la kumwambia namwambia hapohapo. Kliniki nakwenda naye, daktari akiuliza najibu mimi, kwa sababu yeye husema mambo nusunusu. Nikimkuta anajimwagia chumvi namwambia acha, hilo ni figo langu. Nikisikia amechelewa kulala nampigia, lala, unalichosha figo langu. Siku moja nikapita karakana kwake nikamkuta na mwenzake wamenyanyua friji, nikamwambia kutokea barabarani, weka chini hilo, utanipasulia figo langu, na kweli akaliweka, mwenye friji akiwa hapohapo, lakini tangu siku ile mafundi wenzake wamempachika jina, wanamwita Figo la Dada, hata wateja wakija wanauliza, Figo la Dada yupo? Na lawama zote kwangu, kana kwamba mimi ndiye niliyembatiza.

Sasa amepata mchumba, ni msusi, saluni yake iko mtaa wa nyuma. Nikamwita yule binti dukani nikamweleza kwa upole kabisa kwamba ukiolewa hapa ujue umeolewa na figo langu pia, kwa hiyo kuna mambo utakuwa unaniuliza kwanza, naye akanitazama akasema, "Sawa wifi, na kitandani nikuachie upande gani?" Bibi, mteja mmoja alicheka mpaka akaondoka bila suruali aliyokuja kuchukua. Nikamwambia mdogo wangu achague, akasema ameshachagua, nikamwambia basi mimi sikutoa figo langu liende kukaa kwa mtu asiyeniheshimu. Halafu akasema taratibu, "Dada, bora ningekufa na yangu." Akaondoka.

Jumamosi hakuja kuchukua dawa. Maboksi yako kabatini, nami namngoja aje aombe radhi, kumpelekea siwezi maana nikimpelekea ataona ameshinda. Kliniki ni wiki ijayo, na amemwambia mama kwamba kama mimi naenda yeye haendi. Mama naye ananipigia simu, "Figo linaendeleaje?", nikidhani ananiuliza hali yangu, kumbe anauliza kama mdogo wangu amekuja. Hata siku niliyotoka hospitali nilirudi peke yangu, nimejifunga shuka kiunoni kwa sababu sketi ilikuwa inagusa kidonda, nikapanda ngazi nimeshika ukuta, nikakuta vyombo nilivyoviacha kwenye karo viko vilevile, nikaviosha, ndugu wote walikuwa wodini kwake. Lakini hayo si ya leo. Ya leo ni haya: nifanye nini mdogo wangu arudi kwenye adabu, maana nimemtoa kaburini na sasa ananipa mgongo? Namba yangu ya simu iko chini. Ni mimi, Dobi.

*

Namba niliiona, Dobi, na nikapiga. Mgonjwa asiye na dawa hangoji gazeti litoke. Wasomaji hawakuwepo, kwa hiyo nawaeleza tulivyosemezana, na ukiona nimeongeza chumvi njoo tuonane.

Nilikuuliza, "Dawa ziko wapi?"

"Kwangu Bibi, kabatini."

"Na figo liko wapi?"

"Liko kwake."

"Sasa dawa anakunywa nani, kabati?"

Ukasema, "Bibi, wewe hujui yule mtoto alivyo na kiburi."

Nikakwambia, "Kiburi nakijua, nazungumza nacho hapa kwenye simu."

Ukakata. Ukapiga tena ukasema mtandao ulikuwa mbaya. Mtandao haukuwa na neno. Nikakuagiza umwite msusi aje achukue dawa kabla hujafunga duka, ukamwita, na hilo nakushukuru. Nikaomba nizungumze naye. Akaniambia, "Amenipa za wiki moja tu, Bibi, kabati amelifunga tena." Nikasikia na ufunguo ukigonga meza. Kisha akasogea nje, akaniambia jambo ambalo wewe hukulijua: mdogo wako alipoona dawa zinakwisha alikuwa anakata vidonge nusunusu ili zisogee. Mtu aliyepokea figo anakata dawa nusu, na maboksi mazima yamelala kati ya magauni ya maharusi. Nilimwambia msusi wasingoje kliniki ya wiki ijayo, waende kwa daktari kesho yake asubuhi na waseme hivyohivyo bila kuficha. Wamekwenda. Amepimwa damu, na ameambiwa figo bado linafanya kazi. Bado, Dobi. Lishike hilo neno.

Nilimuuliza muuguzi wa wodi ya mafigo anieleze kwa maneno ya kawaida, kwa sababu mimi madarasa hayakunipata, na sioni haya kuuliza. Akasema mwili wa mdogo wako unajua kwamba lile figo ni mgeni, na utaendelea kujua hivyo miaka yote. Zile dawa ndizo zinazouambia mwili, muache mgeni akae. Zikikatika, mwili unaamka na kumfukuza mgeni. Na figo likifukuzwa halirudi kwako. Hujui hilo? Halirudi kushonwa mahali lilipotoka. Litafia hukohuko, yeye atarudi kwenye mashine, na wewe utabaki na moja lako, adabu yako na ufunguo wako. Unataka kushinda namna hiyo?

Sasa tuje kwenye neno lenyewe. "Figo langu." Barua yako nzima, figo langu, figo langu, nimechoka kuhesabu. Ulimpa au ulimwazima? Maana daktari alifunga mlango akakuuliza kama kuna kitu unategemea, ukamwambia hutegemei kitu, unatoa tu. Kumbe ulitegemea. Ulitegemea umchagulie chakula, umlaze saa unayotaka, umjibie kwa daktari na umpangie mke. Kama ungeyasema hayo mle chumbani, daktari asingekugusa hata kwa sindano. Angekwambia mama, nenda nyumbani ukafikirie.

Kijana wa watu anatembea na kitu cha mwenyewe tumboni. Akinywa maji, ni ya figo la dada. Akipenda, ni figo la dada linapenda. Wewe unasema umempa uhai. Hukumpa, umempangisha, na kila Jumamosi unamgongea mlango kudai kodi. Halafu unashangaa mpangaji anasema bora angelala nje. Lile neno, "bora ningekufa na yangu", wewe umelisikia kama tusi. Mimi nimelisikia kama mtu anayekurudishia ufunguo wa nyumba yako. Na jina la Figo la Dada unaloapa hukulitoa, walilisikia kinywani mwa nani, mwa lile friji?

Na lile la kubeba mafriji ni la daktari wake. Mdogo wako atamuuliza mwenyewe, kwa mdomo wake, hata kama anasema nusunusu. Nusu yake inamtosha daktari.

Sasa lile ulilosema si la leo. Ndilo la leo. Nililisoma mara mbili, na hapo nilikuonea huruma mwanangu, sitaki ufikiri nina moyo wa jiwe. Walikupasua ubavu ukiwa huumwi popote, kisha ukapanda ngazi na shuka kiunoni ukaosha vyombo vya zamani. Ndugu wote walikwenda kumtazama aliyepokea. Aliyetoa aliambiwa wewe mzima. Mtu akishakatwa namna ile si mzima, ni mgonjwa mwenye bahati mbaya ya kutembea. Hakuna aliyekuuliza, basi ukashika ufunguo, kwa sababu mwenye ufunguo ni lazima aulizwe. Kwa kutaka kuulizwa sikulaumu hata kidogo. Nakulaumu kwa kukitafuta kitu hicho kwenye dawa za mgonjwa.

Na wewe mama yao, kama kuna anayekusomea ukurasa huu, mwambie arudie hapa. Una watoto wawili waliopasuliwa, si mmoja. Ukimpigia binti yako muulize kovu linamuumaje, anakula nini, anasimama na pasi saa ngapi kwa siku. Ya mdogo wake muulize mdogo wake mwenyewe, ana simu. Yule mkubwa mwenye safari simsemeshi, aendelee kufunga mizigo.

Fundi nawe nina lako. Kukata kidonge nusu kwa sababu umegombana na dada yako ni ujinga uliovaa suti ya heshima. Ukitaka kugombana naye, gombana ukiwa umeshakunywa dawa. Na siku moja, hasira zikipoa, mshukuru mara moja kama mtu mzima, usimshukuru kila Jumamosi kama mtoto aliyepewa biskuti. Shukrani ya mara moja iliyotoka moyoni inatosha maisha.

Msusi muache, Dobi. Ana mdomo, ni kweli, lakini huo mdomo ndio ulionieleza habari za vidonge vilivyokatwa, nao ndio uliomfikisha mdogo wako hospitali asubuhi ile. Wewe ulikuwa unangoja kuombwa radhi, yeye alikuwa anasaka gari. Huyo ndiye wifi wako, mzoee.

Halafu nilikuuliza wewe mwenyewe umepimwa lini, ukajibu, "Mimi sijambo, Bibi." Sijambo si kipimo. Muuguzi anasema aliyetoa figo naye hupimwa presha, damu na mkojo kila mwaka, na dawa za maumivu hajinunulii dukani bila kuuliza. Wewe unajua hata lishe ya figo lililo kwa mwenzako, na hili moja ulilobaki nalo hulijui habari zake. Hilo sasa ndilo figo lako. Hilo lipigie kelele.

Haya, inuka. Fungua kabati, toa maboksi yote, usibakize hata moja la akiba, toa na kadi yake ya kliniki. Nenda karakana mchana watu wakiwa kazini, mkabidhi mkononi na useme wenzake wakisikia, "Mdogo wangu, hizi ni dawa za figo lako." Lako, usiteleze ulimi. Usingoje akujibu na usiongeze la pili. Ukitoka hapo usirudi dukani, nguo za watu zitakungoja: pinda moja kwa moja uende hospitali, ukapimwe wewe.