Gundi Aliyoichagua Mbishi

Karakana ya Viatu,
Mtaa wa Stesheni.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Shemeji na watoto hawajambo? Kile kifua kimepona, au bado unajifanya daktari wako mwenyewe? Sisi tu wazima. Goti langu linalalamika, lakini lini lilikosa la kusema?

Sasa kaa kitako nikupe habari za tangi lako la samaki. Lile tumbawe kubwa la zambarau ulilotuachia lilianza kufa kutoka chini, weupe ukapanda hadi katikati. Nawe ukaandika kwamba likizidi kuharibika, mwenye duka la samaki wa mapambo atakuja kulichukua tangi lote. Binti yetu Mbishi aliposoma hayo, aliacha chakula mezani.

Akaamua kukata ncha zilizo hai na kuzibandika upya kwenye mawe. Kusikia kubandika, nikasema hapo sasa mmefika kwangu. Nikaleta kopo langu la gundi ya viatu. Mbishi akalifunika.

"Baba, hiyo ibaki kwenye soli. Harufu yake tu inatutoa machozi, hawa wa tangini wataishi ndani yake?"

Nilinuna, sikufichi. Yeye alichagua mbili: supaglu nzito ya rojorojo isiyotiririka, na gundi ya kukanda kama donge, inayokauka hata majini.

Nikaomba vipande viwili nimwonyeshe kazi. Nikapaka supaglu tabaka jembamba pande zote, nikapuliza, nikangoja ishike kidogo, maana mkono umezoea soli. Asubuhi vyote viwili vilikuwa chini mchangani, kaa amekalia kimoja. Mama Mbishi alicheka hadi akashika ukuta.

Mbishi hakucheka. Alinieleza kwamba jiwe lina mabonde, gundi nyembamba haipati pa kushika. Vipande vidogo akavitia tone nono na kuvikandamiza papo hapo. Kwa vizito akaweka supaglu, donge, kisha supaglu tena, akavisokota kwenye nyufa za jiwe, mkono majini hadi kwapani. Donge alilibania, kwani likizidi linachafua maji.

Vimeshika, mdogo wangu! Vimetoa minyiri yake midogo ya kunasia chakula, na kimoja kimeanza kutambaa juu ya gundi na kuifunika. Nina fahari mpaka nawachosha watu. Mteja akileta kisigino tu, haondoki kabla hajasikia.

Shangazi anakusalimu, na pacha wako anauliza kwa nini hupigi simu. Nibusie watoto, na umwambie shemeji namkumbuka.

La mwisho: mwenye duka alikuja Ijumaa na ndoo zake. Akainama kwenye kioo cha tangi, kisha akauliza fundi ni nani. Katika nyumba hii anayeulizia fundi huwa ananitaka mimi. Nikamwonyesha Mbishi. Walizungumza mpaka chai ikapoa, akaondoka na ndoo tupu. Tafadhali usimtume tena. Tangi lina mwenyewe.

Mungu awafunike huko mliko.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata ukiwa mbali,
Baba Mbishi