Nilimsifu Mpiga Pasi Wangu Akanyimwa Kazi

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie, na kama utacheka basi cheka kwanza umalize, maana mke wangu alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Mimi ni msimamizi wa chumba cha kufulia hospitalini, mwaka wa kumi na nne huu, na wenzangu wananiita Profesa kwa sababu daktari mgeni akija kuulizia koti lake ni mimi ninayesukumwa mbele nimjibu kwa Kiingereza, nao husimama nyuma yangu na mashuka mikononi wakitikisa vichwa kwa fahari, wala hawajui kwamba nusu ya ninayosema nayabuni papo hapo.

Sasa nina mpiga pasi tunayemwita Chapuchapu, miaka tisa tuko naye, na ameunguza shuka moja tu, tena siku ambayo mama yake alikuwa amelazwa ghorofa ya juu yetu. Hoteli moja ikatangaza nafasi ya msimamizi wa kufulia, akaniomba barua ya kumpendekeza. "Bosi, iwe ya Kiingereza, si wewe ndiye Profesa?" Mshauri, nilivimba kichwa! Siku mbili sikula chakula cha mchana, naandika, nafuta, na sentensi niliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: "She hardly works every day, even when I am not there." Nilikuwa nimejiuliza, nikafikiri, nikaona kama "slow" huwa "slowly", na "quick" huwa "quickly", basi "hard" ya bidii haina budi kuwa "hardly". Nikampa karani wa mapokezi anichapie. Akaniuliza, "Profesa, hapa pako sawa?" Nikamwambia, "Wewe chapa tu."

Jumatatu Chapuchapu akarudi kutoka kwenye usaili, akaiweka ile barua juu ya meza ya pasi, mstari wangu mzuri umepigiwa wino mwekundu. "Bosi, wamenisomea mbele ya watu watatu kwamba sifanyi kazi. Kama hukutaka niende si ungeniambia?" Nikausoma ule mstari mara tatu na, Mungu shahidi, sikuona kosa lolote, lakini watu wote walikuwa wananitazama, ulimi ukaniponyoka: "Karani amekosea kuchapa."

Nyumbani nikamwonyesha mke wangu, mwalimu wa darasa la pili. Alipopata pumzi akasema, "Baba watoto, 'hard' ni kwa bidii, lakini 'hardly' ni karibu na hapana kabisa. Umewaandikia kwamba kila siku huyu mama kazi haigusi, hata usipokuwepo!"

Ningesema ukweli kesho yake, lakini badala yake nikachukua karatasi niliyoiandika kwa mkono wangu, ushahidi wenyewe, nikaitupa kwenye mashine, ikasagika ikatoka vipande vinavyonata kwenye mashuka yote ya wodi ya watoto, tukashinda mpaka saa tisa tunabandua, na wa kwanza kuja kunisaidia alikuwa karani yuleyule niliyemsingizia. Yeye na Chapuchapu walikuwa kama chanda na pete, sasa hawasalimiani. Nafasi ya hoteli inafungwa Ijumaa. Nimeandika barua ya pili kwamba Chapuchapu ni "a hard woman", ila mke wangu ameificha, anasema hapo nimewaambia ana roho ngumu. Je, niwapelekee hiyo hiyo, ninyamaze yapite, au niombe kuhamishiwa stoo?

Profesa

*

Ndugu yangu, nimecheka kama ulivyoniruhusu, na nimemaliza.

Kuchanganya maneno mawili yanayofanana si dhambi. Kuteleza si kuanguka. Lakini wewe uliteleza, ukaanguka, ukamvuta na karani aliyekuwa amesimama salama kando yako. Hilo si la Kiingereza. Uongo wako uliusema kwa Kiswahili fasaha.

Barua yako ilinifikia Jumatano, na Ijumaa haingoji gazeti, ndiyo maana nilikupigia simu. Nilikwambia usiandike tena hata nukta, uende kwa miguu yako. Ukanijibu, "Mama, wataniona mjinga." Nikakwambia wakuone, ujinga wako una siku mbili, kazi ya mwenzio ni ya miaka.

Nashukuru ulisikia. Ulisimama mbele ya wote ukasema, "Karani hakukosea. Mimi ndiye niliyekosea, kisha nikamsingizia." Chapuchapu akamaliza foronya iliyokuwa mezani, akazima pasi, akasema, "Haya, twende hukohuko hotelini." Na huko ukaeleza kwa Kiswahili, jasho likikutoka, mpaka wale watatu wa usaili wakacheka, wakampa shuka na pasi wamwone. Ameanza mwezi wa majaribio. Hongera zake, si zako.

Karani hajakusamehe. Anaitikia salamu yako huku akitazama karatasi zake. Ana haki. Msalimie kila asubuhi, wala usimharakishe, na usimpelekee zawadi. Umkosee hadharani kisha umbembeleze pembeni? Hapana. Akisingiziwa tena lolote na yeyote, uwe wa kwanza kumtetea, wote wakisikia.

Lakini liko jambo ambalo hukuliandika. Uliponipigia baadaye ulinieleza kwamba mlipokuwa njiani kurudi ulimuuliza Chapuchapu, "Uliaminije kwamba mimi naweza kukuandikia vile?" Naye akakujibu, "Bosi, miaka tisa hujawahi kuniambia nafanya kazi vizuri. Nilidhani ndivyo unavyoniona."

Umebaki na watu saba mle chumbani. Kesho, kabla hujawasha mashine, mwambie kila mmoja kile unachokiona kwenye kazi yake. Mwambie usoni, kwa lugha mliyozaliwa nayo.